Jahazi Lililotobolewa na Mgeni Darasani Mwangu

Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh, ndugu zangu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nikisoma Suratul Kahf kama ada yetu. Nilipofika pale Nabii Musa, amani iwe juu yake, anapomwambia kijana wake kwamba hataacha kwenda mpaka afike makutano ya bahari mbili, nilifunga msahafu nikakaa kimya. Aya hiyo naisoma tangu niko chuo cha Qur'ani, mtoto mdogo wa Langoni, mtaa wa hapa Amu (Lamu). Siku zote safari ya Musa nimekuwa nikiiangalia kwa mbali, kama mtu aliyesimama pwani akitazama jahazi likipita nje ya Shela. Mwaka huu nimo ndani ya chombo.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi na mwalimu mmoja wa Tanga tulibadilishana madarasa. Hatukupishana njiani. Yeye alikuja kwanza, akafundisha Gredi yangu ya Nne hapa Amu kwa wiki sita, nami nimekaa nyuma natazama. Kisha zamu ikawa yangu: nikavuka hadi Mokowe, nikapanda basi, Garsen, Malindi, Mombasa, Lungalunga, nikapita mpaka wa Horohoro hadi Tanga, nikafundisha Darasa lake la Nne yeye akiwa amekaa nyuma. Wote wawili ni wanawake wa pwani, wote Waislamu, lugha yetu moja. Moyoni nilijiambia hapana kubwa nitakalolipata kwake. Nimefundisha miaka ishirini.

Mnakumbuka kwa nini Musa alitumwa safari ile. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, aliulizwa mbele ya Wana wa Israili ni nani mwenye ilimu zaidi kuliko watu wote, akajibu: mimi. Hakuirudisha ilimu kwa Mwenyezi Mungu. Basi akaambiwa yuko mja penye makutano ya bahari mbili ajuaye asiyoyajua yeye. Na Musa, Mtume mkubwa aliyesema na Mola wake, akafunga safari na samaki wake kapuni, akaenda kuwa mwanafunzi wa mja huyo, Khidhri, kwa ahadi ya kutomuuliza jambo mpaka amweleze mwenyewe.

Siku ya kwanza ya mgeni wangu ilianza kwa kicheko. Mtoto alimwita mwenzake, "Ndoo!", na mwalimu wa watu akageuka kuangalia pembe ya darasa kama kuna ndoo ya maji. Punde msichana akashtaki, "Mwalimu, huyu yuwateka!" Mgeni akauliza kwa upole kabisa, "Anateka maji wapi?" Watoto walilala juu ya madawati kwa kucheka. Alipoelezwa kwamba sisi tukisema kuteka ni kucheka, na ndoo ni njoo, alichukua chaki akagawa ubao safu mbili: ndia na njia, ndaa na njaa, mato na macho, kitwa na kichwa. Akawaambia watoto wamfundishe, na kila mmoja akawa mwalimu. Aliandika kila neno walilompa, na chini yake akapiga mstari ulionyooka, kama mtu aandikaye kitu cha thamani.

Mimi nyuma kule nilikuwa nikiangalia kalamu yangu nyekundu. Maneno yale yale nimeyakata katika madaftari ya watoto hawa na ya wakubwa wao. Kweli, Kiswahili sanifu lazima wakijue, mtihani hauulizi Kiamu, lahaja yetu. Lakini lugha waliyotungia mashairi wazee wetu, mimi niliifanya alama ya kosa, na mgeni akaifanya somo.

Hilo nilimeza. La pili lilinishinda.

Kwetu Kenya, kuanzia Gredi ya Nne masomo hufundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa lugha nyingine zenyewe. Kwao, karibu skuli zote za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili mpaka darasa la mwisho. Wiki ya pili mgeni alikuwa akifundisha hesabu za mafumbo, zile ndefu za maneno, na nusu ya darasa imekodoa macho. Akafunga kitabu. Akaketi ukingoni mwa meza, akaanza kuwasimulia kwa Kiswahili: mvuvi wa Shela ametia pwani na samaki tisini na sita, amegawana na wenzake wawili sawa kwa sawa, kisha katika fungu lake amempa mama yake nane. Amebakiwa na wangapi?

Nilisimama. Mbele ya watoto nikasema, "Mwalimu, hapa kwetu hatufanyi hivyo." Kichwani nilikuwa na mtihani wa Gredi ya Sita unaowangoja kwa Kiingereza, nikaona mgeni huyu anawatobolea jahazi nao wamo baharini. Akaomba radhi, akafungua kitabu, akaendelea. Siku mbili zilizofuata alisoma kitabuni tu, ukurasa baada ya ukurasa, sauti imeshuka.

Jioni ya siku ya pili nilikusanya madaftari nisahihishe. Kabla sijamkatiza alikuwa ameshawapa mafumbo manne kwa Kiswahili. Yuko mvulana mmoja darasani ambaye tangu Januari hajawahi kupata fumbo hata moja. Mamake nilishamwambia, kwa kinywa changu, kwamba hesabu hazimo kwa mwanawe. Alikuwa amepata yote manne, na jibu la mvuvi, ishirini na nne, ameliandika kwa tarakimu kubwa zilizojaa mistari miwili.

Ndugu zangu, niliweka kalamu chini nikalia. Hesabu zilikuwamo. Kiingereza ndicho kilichosimama mlangoni kimemzuia kupita, nami nikadhani nyumba ni tupu.

Wenye chombo kile alichokitoboa Khidhri katika Suratul Kahf walikuwa masikini watafutao riziki baharini. Nani miongoni mwetu, watu wa Amu, asiyejua maana ya chombo kwa masikini? Tumekulia kwenye kalafati za kuzibia mbao na sifa, mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, tunajua ubao mmoja ukiachia nini hufuata. Kwa hiyo ghadhabu ya Musa tunaielewa kuliko watu wa bara: umekitoboa uwazamishe waliomo? Kumbe nyuma yao yuko mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima, na tundu lile ndilo lililowaachia masikini chombo chao. Khidhri alikuwa amemwambia mapema, kwa maana ya aya, utawezaje kulisubiria jambo ambalo undani wake hukuuzunguka kwa ujuzi?

Mgeni wangu simfananishi na mja yule, ambaye ilimu yake ilitoka kwa Mola moja kwa moja. Nazungumzia kasi ya ulimi wangu tu. Na linaloniuma zaidi ni zile siku mbili. Mtume wetu (s.a.w.) alipokisimulia kisa hiki alisema alitamani Musa angesubiri, ili tusimuliwe zaidi ya habari zao. Mangapi yalizuiliwa kwetu kwa sababu swali lilikuja kabla ya wakati wake? Na watoto wangu walikosa nini siku zile mbili, mwalimu mwenye kipawa yuko mbele yao anasoma kitabu kwa sauti ya chini kwa sababu yangu?

Nilimwomba radhi asubuhi, mbele ya watoto wale wale, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima. Akanishika mkono. "Dada, Kiingereza nacho wanakihitaji," akasema. "Mimi nilitaka kwanza nijue wanajua nini." Tangu siku ile tunaanza kwa kisa cha Kiswahili, kisha fumbo lile lile tunaliandika kwa Kiingereza kando yake.

Usiku nilimkumbuka Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tunamwita wetu, na kila Mfungo Sita mji unajaa wageni wa maulidi, mpaka tunasahau kwamba naye alikuja kwetu kutoka nchi nyingine. Alikuwa kijana wa Ngazidja, huko Komoro. Alianza kuwasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaweka kwenye mikeka yao, masikini na watoto wa watumwa, na matari yakapigwa ndani ya ibada. Wapo waliomnung'unikia. Yaani na wao walisema, hapa kwetu hatufanyi hivyo. Leo Riyadha iko pale Langoni, na wanafunzi wamekuja kusoma humo kutoka nchi jirani kwa miaka mingi. Mji ambao mwalimu wake mkubwa alishuka chomboni ni mgeni, ungetazamiwa uwe mwepesi wa kuwasikiliza wageni.

Sasa Tanga. Nilikwenda nikiwa nimeshajifunza kufunga mdomo, na ndipo Mwenyezi Mungu akanionyesha kwamba kufunga mdomo si jibu la kila jambo.

Mengi yalinifurahisha, nayapita haraka: mchakamchaka wa asubuhi na nyimbo zake, watoto na mafagio yao wakifagia kabla ya kengele, darasa zima likisimama kwa "Shikamoo mwalimu" kwa sauti moja, machungwa ya Muheza kwenye kila meza ya barabarani. Watoto walikuwa zaidi ya themanini katika chumba kimoja, na mwenzangu aliwajua wote kwa majina.

Lakini fimbo ilikuwapo. Kwetu imekatazwa kisheria tangu 2001. Kwao kanuni bado zinairuhusu kwa masharti na kwa idhini ya mwalimu mkuu. Asubuhi moja mwalimu mwingine alimchapa mvulana viganjani kwa kuchelewa, mara ya tatu juma lile. Nisubiri undani wake? Nilijiuliza kwa dhati. Nikarudi kwenye sura, nikaona kwamba Musa alipoona Khidhri ametoa roho ya kijana, machoni pake bila haki, hakunyamaza, alisema umefanya jambo baya kabisa. Alikumbushwa ahadi yake, hakuambiwa kwamba ni kosa kuuchukia uovu. Basi subira anayofundishwa mwanafunzi hapa si ya kuuzoea uchungu wa mtoto.

Saa ya mapumziko nilimkuta mtoto chini ya mwembe, amefumba viganja. Nikamuuliza asubuhi huwa yuko wapi.

"Nateka maji, mwalimu."

Neno lile. Darasani kwangu neno hilo ni kicheko. Yeye kila alfajiri hubeba madumu mawili kwa bibi yake mgonjwa, ndipo aje skuli.

Jioni nilimfuata yule mwalimu tukiwa wawili tu, nikamweleza nilichokisikia. Nikamsimulia pia hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya sahaba Muawiya bin al-Hakam. Aliingia kwenye swala na hajui kwamba maneno hayazungumzwi humo. Mtu akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkodolea macho, wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Swala ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) akamfundisha. Muawiya akaapa kwamba hajapata kumwona, kabla yake wala baada yake, mwalimu mwenye kufundisha vizuri zaidi: hakunikemea, asema, wala hakunipiga, wala hakunitukana.

Yule bwana alikaa kimya muda mrefu. Akanieleza ugumu wa watoto themanini na mwalimu mmoja, nami nilimsikiliza mpaka akamaliza, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli. Kisha akasema, "Sijui kama nitaiacha, dada. Lakini huyu simpigi tena." Hatukukubaliana zaidi ya hapo. Namwombea, naye aniombee.

Nilipokuwa narudi, chombo kikikata maji kutoka Mokowe, nilimwazia yule ndege mdogo katika hadithi ya Musa na Khidhri, aliyetua ukingoni mwa jahazi akachovya mdomo wake baharini. Khidhri akasema, ilimu yangu na yako mbele ya ilimu ya Mwenyezi Mungu ni kama alichokichukua ndege huyu katika bahari hii. Maji yalikuwa yamejaa, yanagonga ngazi za gati. Nilimwomba Mola wangu anizidishie ilimu, na anipe kifua cha kuipokea kwa yeyote atakayemtuma nayo.

Jumatano hii mwenzangu alinitumia sauti kwenye simu. Niliiweka juu ya meza, Gredi ya Nne wakaizunguka, na yule mvulana wa mvuvi akawa mbele kabisa. Kwanza kelele za darasa, kisha yeye akihesabu, moja, mbili, tatu, na watoto zaidi ya themanini wa Tanga wakapaza sauti kwa pamoja, kwa Kiamu chetu:

"Ndooni!"