Nilivyolirudisha barabarani Beetle la mwaka 1969

Gari lilikuwa limesimama bandani miaka mingi kabla sijalinunua: Volkswagen Beetle la 1969, injini 1300. Hata aliyeniuzia hakukumbuka liliwaka lini mara ya mwisho. Kila aliyekuja kuliona alisema lile lile: "Washa basi tusikie." Hamu hiyo nilikuwa nayo kuwashinda wote, maana mlio wa ile injini ya nyuma inayopozwa kwa upepo ndio uliofanya niyapende magari haya tangu utotoni. Lakini niliamua kwamba injini itakuwa ya mwisho. Kwanza nihakikishe gari linaweza kusimama, pili lisishike moto, ndipo niguse stata.

Mambo mawili nilishayaangalia kabla ya kulipa. Nilishika puli kubwa ya injini, nikaivuta na kuisukuma kwa nguvu. Puli ikicheza mpaka ukasikia inagonga, ujue beringi kuu zimelika. Mchezo unaoruhusiwa ni kati ya milimita 0.07 na 0.13, na ukipita 0.15 injini hiyo ni ya kufunguliwa yote. Yangu sikuihisi ikicheza hata kidogo. Kisha niliinua kiti cha nyuma. Hapo chini ndipo ilipo namba ya chesisi, imegongwa juu ya lile tuta la katikati ya sakafu, nikailinganisha na kadi ya gari. Ndipo ilipo betri pia, na asidi yake huila sakafu polepole. Bati la chini yake lilikuwa limeoza, nalo lilikatwa likachomelewa jipya.

Breki zilichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote, na sioni namna ya kuzifupisha. Modeli hii ina breki za dramu magurudumu yote manne. Za nyuma zimeshikwa na nati ya milimita 36 iliyokazwa kwa nguvu ya karibu Nm 300, kwa hiyo nati hiyo hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga chini. Ukiivuta kwa bomba refu gari likiwa juu ya jeki, unaweza kuliangusha. Baada ya kuilegeza ndipo nikalipandisha kwenye stendi imara.

Ndani nilikuta nilichotarajia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kwa miaka yote hiyo unyevu huo ulikuwa umefanya kutu ndani ya silinda ndogo za magurudumu hadi pistoni zikagoma. Kinachowaponyoka watu wengi ni zile hozi za mpira. Kwa nje zinaonekana nzima, kumbe zimevimba kwa ndani. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inapitisha mafuta. Ukiachia, hayana njia ya kurudi, na gurudumu linabaki limeshikwa hadi dramu inachemka. Sikujaribu kuosha wala kuokoa kitu. Nilibadilisha masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, silinda za magurudumu, hozi zote, bomba zilizokuwa na kutu na brekishuu. Tulitoa upepo kwenye bomba za breki tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kisha nikaseti shuu kwa bisibisi: unakaza mpaka zinashika, unalegeza kidogo mpaka gurudumu linazunguka bila kukwaruza. Pedali ilipokuwa ngumu mguuni, nilifurahi kama mtu aliyeliendesha tayari.

Petroli nayo haina mzaha kwenye Beetle. Tangi liko mbele chini ya boneti na injini iko nyuma, kwa hiyo bomba linapita ndani ya lile tuta la sakafuni, halafu vipande vya mpira vinaunganisha hadi kwenye pampu na kabureta. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka kahawia na kunuka kama vanishi. Nililishusha tangi, nikalisafisha, nikapuliza bomba lote kwa upepo, nikabadilisha kila kipande cha mpira kwa aina inayohimili petroli ya siku hizi yenye ethanoli. Kisha nikaushika ule mrija mdogo wa shaba unaoingiza petroli kwenye kabureta. Mrija huo umebanwa tu mahali pake, na kwa miaka huweza kulegea na kuchomoka, petroli ikamwagikia injini yenye moto. Kasha la injini hii ni aloi ya magnesiamu, na magnesiamu ikiwaka maji hayaizimi, huichochea. Wenye magari haya naomba mkague mrija huo leo. Wangu ulikuwa imara, lakini kizimamoto kinakaa ndani ya gari siku zote.

Umeme ulikuwa rahisi. Pointi mpya, zile zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche, niliziseti mwanya wa milimita 0.4, nikaweka kondensa, rota na nyaya mpya za plagi kwa mpangilio wa silinda zinavyowaka, 1-4-3-2. Betri nikaifunika juu, kwa sababu springi za kiti cha nyuma zikikandamizwa na abiria zinaweza kugusa vichwa vyake na kuwasha kiti.

Ndipo nikaigeukia injini. Nilitoa plagi, nikadondosha oili kidogo ndani ya kila silinda, nikaiacha ilale hivyo. Kesho yake nikaizungusha kwa spana ya 30 kwenye bolti ya puli, taratibu, nikisikiliza kwa mkono kama kuna kinachokwama. Ilizunguka laini. Nilimwaga oili ya zamani, nikaosha chujio lake la wavu, kwa kuwa injini hii haina filta ya karatasi, nikajaza lita 2.5. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, niliziseti milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Kisha plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa, nikapiga stata mpaka taa ya oili ikazimika. Sasa nilijua oili imefika kwenye beringi.

Ilipowaka ilitoa moshi mwingi wa ile oili ya kwenye silinda, ikakohoa, halafu ikatulia. Sikuweza kusema neno.

Kabla ya kutoka nilikagua fenibelti na bati zote za kuzunguka injini. Kwenye Beetle belti hiyo huzungusha dainamo na feni kwa pamoja, hivyo taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani huenda belti imekatika na injini haipozwi tena: unasimama papo hapo. Mipira inayoziba bati hizo niliiweka mipya, la sivyo hewa ya moto ya chini hurudi kuvutwa na feni, na silinda namba 3, ambayo kipoza oili kinaikinga na upepo, ndiyo huumia kwanza.

Tairi zilikuwa na kashata nzuri, ila namba ya tarehe ubavuni ilikuwa ya tarakimu tatu. Tangu 2000 huandikwa nne, wiki na mwaka, kwa hiyo zilitoka kiwandani kabla ya hapo. Zote zilitupwa, pamoja na la akiba, ambalo kwenye gari hili upepo wake ndio husukuma maji ya kuoshea kioo.

Ukaguzi na bima nilivimaliza bila shida. Safari ya kwanza ilikuwa fupi, mwendo mdogo, nikifunga breki mara kwa mara. Niliposimama niligusa dramu moja baada ya nyingine: ya mbele kushoto ilikuwa na joto kuliko wenzake, nikailegeza kidogo. Niliinama nyuma kunusa petroli, sikusikia harufu. Baada ya kilomita mia kadhaa nilibadilisha oili tena, nikapima tapeti upya na kukaza zile nati za 36. Sasa naliendesha kila wiki, na kazi inayofuata ni mipira ya milango, maana mvua ikinyesha sakafu hulowa upande wa dereva.