Jiwe Jeupe la Mzee wa Manyara

Mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza mafunzo ya vito na nakaa ofisini kwa mjomba wangu, Arusha. Mjomba ni broka wa siku nyingi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja, meza imesogezwa hadi dirishani kwa sababu mawe yanataka mwanga wa mchana, na juu ya meza hiyo alikuwa na mizani ya karati (kipimo cha uzito wa vito), lupu ya kukuzia, tochi, na refraktomita, chombo cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, aliyoachiwa na mnunuzi mmoja aliyefunga biashara. Refraktomita ilikuwa inakaa ndani ya boksi lake tu. Mjomba alizoea kuamua kwa jicho, na kwa kweli jicho lake lilikuwa kali.

Asubuhi moja aliingia mzee mmoja mchimbaji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba hajambo?"

"Hajambo, ametoka kidogo. Karibu ukae."

Alifungua kitambaa. Vilikuwamo vipande vya zumaridi kutoka Mayoka, karibu na Ziwa Manyara: kijani hafifu, nyufa nyingi, ulanga (madini ya vipande vyembamba vinavyometa) umejaa ndani. Mawe ya aina hiyo tulikuwa tunaletewa kila mara. Zumaridi za Manyara si habari mpya, wataalamu wa vito duniani walishaziandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini katikati ya vipande vile palikuwa na jiwe moja lisilo na rangi kabisa, kubwa kama ncha ya kidole gumba, safi ajabu.

"Hilo achana nalo," alisema. "Nimepita kwa mabroka huko chini, wote wamesema kwatzi. Mmoja kanipa hela ya chai nikakataa."

Nilimwuliza kwa nini alikataa, kama mwenyewe anaamini ni kwatzi, jiwe la kawaida tu. Akanijibu kwamba limetoka shimo moja na zumaridi, na tangu aanze kuchimba hajaona kwatzi yenye umbo lile.

Maneno hayo yalinifanya nichukue lupu. Mchimbaji aliyekaa shimoni miaka mingi akikwambia kitu kuhusu umbo la jiwe, msikilize. Kwatzi ikiota vizuri huwa na pande sita, na pande hizo zina mistari myembamba inayokwenda kwa mapana. Hili halikuwa hivyo. Lilikuwa fupi, bapa kama lenzi, na kingo zake zilikutana kwa namna niliyokuwa nimeiona vitabuni tu. Kwenye kitako vipande vya ulanga wa kahawia vilikuwa vimeng'ang'ania, ulanga uleule unaozunguka zumaridi. Wazo la topazi lilinijia, kwa kuwa topazi nyeupe tunazo nyingi. Ila topazi hupasuka kwa urahisi upande mmoja, na ndani yake mara nyingi unaona dalili za mpasuko huo. Hapa sikuona kitu.

Nikalipima: karati 21.40. Kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikalifunga jiwe kwa uzi mwembamba na kulining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini. Mzee alisogeza kiti. Kwanza nililitoa nikalifuta, maana viputo vya hewa vikishika jiwe hesabu yote inaharibika. Safari hii mizani ikasoma 7.24. Ukigawanya 21.40 kwa 7.24 unapata 2.96. Hiyo ndiyo densiti ya jiwe, yaani ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Kwatzi ni 2.65, haipandi wala kushuka ikiwa safi. Topazi inafika 3.5.

"Si kwatzi, mzee," nilimwambia. "Wala si topazi."

"Ni nini basi?"

Nilikuwa na majina mawili kichwani. La kwanza danburiti, jiwe jingine lisilo na rangi, ambalo densiti yake ni 3.00 hivi, karibu mno na hili. Mizani peke yake isingetosha kuyatenganisha. Nikatoa refraktomita kwenye boksi. Bahati jiwe lilikuwa na uso mmoja wa asili uliong'aa kama umepigwa msasa, nikauweka juu ya kioo kwa tone la kimiminika. Danburiti ingenipa 1.63. Kivuli kilisimama 1.654. Nikaligeuza jiwe taratibu: kivuli kimoja hakikutikisika, cha pili kikapanda hadi 1.670 na kurudi. Moyo ulinidunda. Vipimo hivyo, pamoja na densiti ile, ni vya jina langu la pili: fenakiti.

Sikuwahi kuishika mkononi kabla ya siku ile. Fenakiti ni silikati ya beriliamu, na ni sahili sana kwa muundo: beriliamu (metali nyepesi) na silika (kitu kilekile kinachounda kwatzi), basi. Ni ngumu kuliko kwatzi, kati ya 7.5 na 8. Mtaalamu wa madini wa Finland, Nils Gustaf Nordenskiöld, ndiye aliyeitambulisha mwaka 1833 kutoka migodi ya zumaridi ya milima ya Ural, Urusi, na huko nako inakaa ndani ya miamba ya ulanga. Kabla ya hapo watu waliipita wakidhani ni kwatzi.

Nilipomweleza mzee kwamba jiwe lake lina beriliamu ileile iliyomo kwenye zumaridi, aliniuliza swali ambalo mpaka leo naliona bora kuliko mengi niliyoulizwa darasani: "Sasa hili limekosa nini hata lisiwe zumaridi?"

Limekosa alumini, nilimjibu. Zumaridi inataka beriliamu, alumini na silika nyingi, halafu kromu kidogo ya kuipa kijani. Majimaji ya moto yanayotoka kwenye pegmatiti, mwamba wa chembe kubwa, hubeba beriliamu, na mwamba mweusi yanayopenya ndio wenye kromu. Yanapokutana, ulanga huota, na zumaridi ndani yake. Lakini mwamba ule una njaa ya silika, unainyonya kutoka kwenye yale majimaji. Silika ikipungua, zumaridi inashindwa kujijenga. Beriliamu iliyobaki ikiungana na alumini bila silika inakuwa krisoberili, na krisoberili yenye kromu ndiyo aleksandraiti. Ikishika silika kidogo bila alumini, inakuwa fenakiti.

Mzee alinyamaza, kisha akaitaja aleksandraiti kwa jina lake la kifupi: "Alex tunazipata palepale. Hatua chache tu kutoka zumaridi."

Hapo nilisisimka kuliko nilipoona 1.654. Alikuwa amenipa ushahidi wa shimoni, kwamba silika kweli ilipungua pale, ambao chombo changu kisingeweza kunipa.

Mjomba aliporudi nilimweleza yote. Alilitazama jiwe kwa muda mrefu, akarudia mwenyewe kupima kwenye maji. Kisha akamwambia mzee waziwazi: hili siwezi kukununulia kwa bei ya mawe meupe, na bei yake ya kweli siijui, kwa hiyo usiliuze leo. Ninampenda mjomba wangu kwa mambo mengi, lakini kwa lile ninamheshimu. Angeweza kukaa kimya.

Jiwe likapelekwa maabara, likarudi na karatasi yenye jina. Fenakiti haina soko kama zumaridi. Ikikatwa inang'aa vizuri lakini haitoi rangi rangi kama almasi, na sonara wa mtaani hana mteja wa kumwuzia. Wanaoitafuta ni wakusanyaji. Mmoja wao alilinunua likiwa ghafi, na ulanga wake kitakoni, kwa fedha ambayo mzee aligawana na mwenzake wa shimo na bado akalipa ada ya shule ya mjukuu.

Baadaye alirudi na mfuko wa mawe meupe aliyookota kwenye vifusi. Hilo ndilo linaloniuma kuhusu machimbo ya zumaridi: kila kisicho kijani kinamwagwa. Tulikaa naye mchana kutwa. Nilimpa hesabu nyepesi: katika kila mia ya uzito, kwatzi ikiwa majini inapoteza kama 38, topazi kama 28, na fenakiti kama 34. Alizikariri. Karibu mawe yote yalikuwa kwatzi. Mawili tuliyatenga kando kwa ajili ya refraktomita. Kabla ya kupanda basi alipita dukani akanunua mizani ndogo ya mfukoni, akaniomba nimwandikie zile namba tatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ili vijana wa shimoni nao wazisome.