Mfumo kuchelewa ukikaa bila kutumika: jinsi nilivyotatua (IIS)

Mfumo wetu wa kusajili wakulima wa zabibu hapa Dodoma ulikuwa mwepesi mchana kutwa, ila anayeufungua wa kwanza asubuhi alisubiri mpaka mkulima dirishani anauliza kulikoni. Tuliongeza RAM, tukabadili kifurushi cha intaneti. Wapi!

Kumbe IIS, seva ya tovuti ya Windows, huizima programu isiyoguswa kwa dakika 20, na anayefuata hungoja iwashwe upya. Kwenye Application Pools (pool ndiyo inayoendesha programu ndani ya IIS), Advanced Settings, niliweka Idle Time-out 0, yaani isizimwe kwa kutoguswa, na Start Mode AlwaysRunning. Nafuu ikaja, lakini uchelewaji ukawa unarudi, kila mara saa tofauti. Hiyo saa kuhamahama ndiyo iliyonifumbua macho: pool hujianzisha upya kila dakika 1740, yaani saa 29, hivyo kila mara husogea mbele saa tano. Regular Time Interval nikaifanya 0, na Specific Times nikaandika 03:00, saa tisa usiku.

Mwisho, kwenye tovuti yenyewe, si kwenye pool, weka Preload Enabled iwe True. Hakikisha Application Initialization imesakinishwa kwenye seva, la sivyo programu haitawashwa mapema kabla ya mtu kuifungua. Programu sasa hukaa kwenye kumbukumbu muda wote, kwa hiyo kama seva yako ina tovuti nyingi, ifanyie ile inayohudumia watu tu.