Unga wa bukari na mafuta ya magari
Jana, katika soko la Kenya hapa Lubumbashi, niliumia nilipomwona mama mmoja akiomba apimiwe nusu ya unga wa mahindi wa bukari, yaani ugali, aliozoea kununua, kwa kuwa bei imepanda tena. Najua kwamba bei yetu hutegemea hasa mavuno ya Zambia na unga unaopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Hata hivyo, nafikiria Marekani, ambako sheria za 2005 na 2007 zililazimisha petroli kuchanganywa na nishati ya mimea, na sasa theluthi moja ya mahindi yao, au zaidi, huingia viwanda vya ethanoli, pombe inayochanganywa na petroli. Tani moja ya mahindi hutoa takriban lita 400 za ethanoli. Machicha yake hulishwa mifugo, ndiyo, lakini hayasongwi bukari. Naomba mabua yatangulie kutumika kutengeneza ethanoli kabla ya nafaka.