Siku moja maishani mwangu: poda, njegere na bata mzinga

Saa kumi na moja alfajiri nshatoka. Mexico City mwisho wa Oktoba ina baridi, na mie mtoto wa Mombasa sijaizoea mpaka leo. Nje ya metro nanunua guajolota, tamale limeshindiliwa ndani ya mkate, na kikombe cha atole ambayo kwangu ni uji wa mahindi tu. Guajolota ni bata mzinga jike, ila ndani hamna bata wala nini.

Saa moja niko studio, napaka mekapu kwenye telenovela. Wa kwanza kukaa kitini ni mzee anayeigiza babu, na kabla sijamgusa anatia kidude sikioni, huku wanakiita chícharo yaani njegere, ndo kinamnong'oneza maneno wakati wa kurekodi maana sini za siku ni nyingi na muda wa kukariri hakuna. Mie kazi yangu nikifiche na nywele.

Napaka poda huku ananihadithia habari za mwigizaji Don Ignacio López Tarso, na akimtaja sauti inamtetemeka. Alizaliwa hapahapa mjini 1925, akapita seminari, jeshi, akaenda California kibarua cha kuchuma machungwa, akaanguka mtini akaumia mgongo vibaya sana. Alipopona ndo akaenda kusomea uigizaji! Akaja kuwa nyota wa Macario, filamu ya 1960, ya kwanza ya Mexico kuteuliwa Oscar ya filamu za kigeni, halafu hakuona haya kuja kwenye telenovela kama sisi, 1997 alikuwemo kwenye Esmeralda. Alifariki Machi 2023 na miaka 98, na jukwaani alipanda hata alipopita 90.

Saa tisa njegere ikazima katikati ya sini. Nikashika roho. Mzee wangu wala hakupepesa, akaenda nayo mpaka mwisho, kumbe alikariri yote usiku. Nilivyomfuta jasho mkono wangu ndo uliokuwa unatetemeka.

Saa tatu usiku nyumbani, nikaiweka Macario. Mkata kuni mwenye njaa ya miaka yote, anataka bata mzinga mzima ale peke yake, hata wanawe asiwape. Shetani kaomba, kanyimwa. Mungu kaomba, kanyimwa. Kaja Mauti. Nikasogea karibu na skrini nimuangalie Don Ignacio usoni, maana pale anamtazama Mauti, halafu anamkatia nusu.