Nguzo zilizosimama kichwa chini

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Tanga, naishi magharibi mwa London. Riziki yangu ni makabati ya jikoni: mbao za kiwandani, skrubu na gundi. Ndiyo maana niliposikia kwamba kijijini Harmondsworth, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow, kuna ghala la nafaka la mbao tupu lililojengwa kati ya 1425 na 1427 na bado limesimama, sikutulia mpaka nilipofika.

Siku ya kwanza sikuambulia kitu. Ghala lina urefu wa mita 58 na upana wa mita 12, paa lake limeinuka zaidi ya mita 11, na ndani ni msitu wa mialoni (oak): nguzo, boriti, mikono ya mshazari, vyote vimepishana. Mshairi John Betjeman alililinganisha na kanisa kuu, na kweli sauti yenyewe inashuka ukiingia. Nilipiga picha nyingi mno nikarudi nyumbani kichwa kizito.

Mara ya pili simu niliiacha mfukoni. Nilichagua fremu moja tu kati ya zote 13, nikakaa chini na daftari, nikawa naufuata uzito. Vigae vinayalemea makombamoyo, yaani zile mbao za paa zinazoteremka, makombamoyo yanaegemea boriti za ubavuni, boriti zinatua kwenye nguzo, na kila nguzo imekalishwa juu ya jiwe isinyonye unyevu wa ardhi. Boriti kubwa inayokingama juu inazishika nguzo mbili zisitanuke. Ile mikono ya mshazari inazuia fremu isilale upande. Ndani ya saa moja kila ubao ulikuwa na kazi yake, na ule msitu ukafunguka.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nguzo ni nene juu kuliko chini. Mafundi wa Uingereza wa zama hizo walikuwa wakiusimamisha mti kichwa chini, upande wa shina unakaa juu. Ni akili kubwa: pale juu nguzo inapokea boriti mbili zinazotoka pande tofauti, kwa hiyo inahitaji unene wa kuchonga ndimi mbili, yaani ncha nyembamba zinazoingia kwenye matundu ya boriti, bila kudhoofika.

Viungo vyenyewe ni ulimi na tundu, vimekazwa kwa vigingi vya mbao. Nikasema lazima nikitengeneze kimoja kwa mikono yangu. Nilinunua vipande viwili vya mwaloni mbichi, maana wao walichonga mti ungali na maji. Ukikauka unakuwa mgumu vibaya sana. Nilichimba tundu kwa patasi, nikachonga ulimi, nikauingiza, kisha nikapitisha keekee kwenye vipande vyote viwili kwa mkupuo mmoja na kugongelea kigingi. Kiungo kikacheza. Niliumia, maana vipimo vilikuwa sawasawa.

Kosa lilikuwa kwenye hilo tobo. Kipande chenye tundu unakitoboa peke yake kwanza. Unaingiza ulimi, unatia alama ya tobo lilipoangukia, unauchomoa, halafu unatoboa ulimi milimita mbili hivi karibu zaidi na bega lake, yaani pale ulimi unapoanzia. Matobo hayalingani, na hiyo ndiyo siri yenyewe. Kigingi kilichochongwa ncha kikipita, kinalazimika kupinda kidogo na kuuvuta ulimi ndani. Nilipogonga mara ya nne niliona kwa macho yangu ule mwanya wa begani unajifunga, maji ya mti yakachuruzika pembeni. Hakuna gundi wala msumari, na msumari wa chuma ungeliwa na tindikali ya mwaloni.

Sasa kiungo hicho kiko juu ya meza yangu ya kazi. Kila wiki mbao zinazidi kukauka na kukibana kigingi, na nimeshajaribu kukitenganisha kwa nguvu zangu zote, hakitoki.