Mbona muda wote ulikuwa chini?

Tangu Jumamosi, baba alipokuja kunitazama nikicheza jujitsu, mchezo wa kukabana mkekani bila ngumi, nimebeba sentensi yake moja. Naenda nayo kazini, narudi nayo. Sendofu ya Rehema imepita salama, bosi kahamishiwa Dodoma na hatujui anakuja nani, mvua imetukatia barabara tena, na yote hayo yamepita juu juu. Kilichobaki ni baba, kituo cha mabasi cha Morocco hapa Dar, tunasubiri gari la Kimara, naye hanitazami usoni: "Mwanangu, mbona muda wote ulikuwa chini?"

Nikasema, "Baba, chini ndiko..." na mlango ukafunguka. Mnayajua mabasi ya mwendokasi ya saa moja jioni, yanavyojaa. Nilimtafutia mzee upenyo kwanza, na maneno yangu yakabaki pale kituoni.

Mzee wangu mnamjua, ngumi za ridhaa ndizo zilizokuwa ujana wake. Kwake aliye chini anahesabiwa, ikifika kumi habari imekwisha. Jumamosi alikuwa anatoka kliniki, akapitia ukumbini Kinondoni kuniona kwa mara ya kwanza tangu nianze jujitsu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mkeka, kofia gotini. Alichokiona ni binti yake kalaliwa kifuani na yule kaka wa bandarini, kilo 90 na ushee, raundi nzima ya dakika 5.

Kwa hiyo wiki nzima namjibu kichwani. Baba, chini ndiko nilikokuwa nafanya kazi. Yule kaka alishavuka miguu yangu, bega lake linanikandamiza taya ili nigeuzie uso upande wa pili, maana uso ukigeuka na mwili unafuata. Hapo kila kiungo kinakwambia nyoosha mikono umsukume. Lakini mkono ulionyooka ndio anaousubiri. Anauchukua, anaukunja kiwiko kule kisikokunjika, unagonga mkeka kukubali umeshindwa, mmeanza upya. Mimi sikusukuma. Kigasha kimoja nilikipitisha chini ya kidevu chake, mfupa ukakaa shingoni mwake. Kingine nikakiweka kwenye nyonga yake, viwiko vyote viwili nikavirudisha ndani. Ukikaa hivyo uzito wake unabebwa na mifupa, na misuli inapata kupumzika.

Halafu unatafuta ubavu. Usikubali kulala chali, mgongo wote umegusa chini, kwa sababu chali kiuno hakiendi popote. Nilinyanyua bega moja, nikamgeukia kidogo kidogo. Kila alipohama kuitafuta shingo yangu nilikanyaga mguu, nikachomoa kiuno nyuma upana wa kiganja. Kiganja tu. Nafasi ikipatikana goti linaingia, na goti likishagusana na kiwiko hana tena pa kupita. Mwalimu wetu anafundisha kwa mpangilio huo huo siku zote: kwanza usikabwe, pili upumue, kutoka kutakuja. Raundi ikaisha yule kaka hajapata shingo wala mkono. Ilikuwa raundi nzuri kuliko zote nilizowahi kucheza, na mtu niliyetamani aione alikuwepo, akaona kitu kingine.

Na wala si yeye peke yake. Kwenye mashindano, mtu akikukalia kifuani akatulia sekunde 3 anapewa pointi 4. Wewe ukijichomoa chini yake, ukarudisha miguu yako katikati yenu, ubao hauandiki kitu. Hilo linaniuma kweli, kwa sababu ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote pale ukumbini. Desemba 1994, Marekani, Royce Gracie, Mbrazili wa jujitsu, alikaa chini ya Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi zaidi ya kilo 30, kwa zaidi ya dakika 15. Aliyeingia katikati ya pambano angesema Royce kwisha. Royce akamkaba shingo kwa miguu akiwa huko huko chini, Severn akagonga.

Nilikuwa nimeshaupanga utetezi wote huo, hadi Royce, nimwambie baba Ijumaa baada ya chakula. Jana usiku naosha vyombo, naipitia tena ile safari, nikafika mbele kidogo ya pale ninapoishia kila siku. Tulipita Manzese, alikofanyia mazoezi enzi zake, wala hakuchungulia nje. Ubungo watu wengi wakashuka, akapata kunivuta mkono wa shati: "Lakini ulikuwa unapumua?"

Nilisema ndiyo baba, akaridhika, akafumba macho mpaka Kimara.

Nilisimama na sufuria mkononi. Mzee hakuwa anahesabu chochote. Dakika 5 zote alikuwa anatazama kifua changu kama kinapanda na kushuka. Na swali lake la kwanza linaomba jibu lile lile la pili: nilikuwa chini muda wote, na nilikuwa napumua, kwa sababu ya ule ubavu na ule mfupa shingoni. Sina haja ya kumtajia Royce. Ijumaa nasogeza meza sebuleni, nalala pale kwenye mkeka, naye aweke mkono wake juu ya mbavu zangu ahisi tofauti ya chali na ubavu. Tangu jana nafurahi kama mtoto, hata foleni ya asubuhi haikunichosha.

Ila mama mwenye nyumba hapokei simu tangu Jumatatu. Kodi ya miezi sita inaisha mwisho wa mwezi huu, na jirani wa uani anasema alimwona juzi mchana amekuja na mtu mwenye futi, wanapima kuanzia getini mpaka kwenye tangi la maji.